Asumini ya Mahali pa Mizigo

Jumapili, tarehe kumi na tisa Oktoba. Mawingu yalijikusanya tangu asubuhi upande wa Sikonge, yakatupa matumaini, halafu yakatawanyika. Joto halina nafuu, na upepo wa mchana umeingiza vumbi mpaka kwenye mtungi wenye kifuniko. Naandika leo hii hii, magoti yanauma na macho mazito, kwa sababu najijua: nikiacha mpaka kesho nitaanza kujipendelea.

Leo ilikuwa arobaini ya Bi Zuwena, Mtendeni, nami nimekwenda. Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilikaa mwaka mmoja nyumbani kwake, nikifanya kazi za ndani. Tulikuwa wasichana wawili, mimi na Kulwa, mwenyeji wa Bukene. Kulwa alifukuzwa kwa ajili ya maua yaliyokufa. Nilikuwa na neno ambalo lingeweza kumwokoa, nikalimeza. Tangu alipotoka na furushi lake kichwani sikumwona tena mpaka leo, na usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, maana niliambiwa kwamba yeye naye atakuja. Nilijiambia kwamba safari hii nitamwambia, iwe iwavyo.

Watu wanaonijua sasa wananijua kwa miche. Nina kitalu kidogo hapa Ipuli, kando ya njia, viriba vimepangwa chini ya kivuli cha nyasi. Juzi alikuja mama mmoja kijana akanionyesha picha kwenye simu: bustani ya kijani kitupu, nyasi zimelala kama zulia, na maua ambayo sijawahi kuyaona kwa macho yangu. “Bibi, nataka hivi hivi,” akasema. Nikamwuliza mvua ikinyesha maji yanasimama uani kwake au yanazama, na kabla ya nyumba kujengwa pale palikuwa na nini, shamba, njia au zizi. Akaniangalia kama nimemwuliza umri wake. “Kwani maua nayo yanataka historia?” Nikamwambia arudi nyumbani, achimbe shimo la kimo cha goti, amimine ndoo ya maji, aangalie yanachukua muda gani kuzama, halafu aje tuzungumze. Akaenda akicheka, na sijui kama atarudi. Wateja wengine hunisifu kwamba bibi wa Ipuli anajua udongo. Mimi najua kidogo sana, na hicho kidogo nilikitoa kwa Kulwa, mwaka ule mmoja, wala sijawahi kumtaja.

Nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa ya zamani, kuta nene, mlango wa mninga uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa, vyumba vinazunguka ua. Mimi na Kulwa tulilala chumba cha mitungi, ambacho kilikuwa na ubaridi hata mwezi wa kumi, tukitandika mikeka yetu kati ya mitungi miwili mikubwa. Asubuhi tulipika chai ya tangawizi na mkate wa kumimina kwa ajili ya ukumbini, kisha sisi tukala viazi vyetu jikoni. Mchana ukumbini kulikuwa na wali, jikoni ugali na mlenda. Lazima niseme na hili, kwa sababu watu wakisikia habari za kufukuzwa watadhani Bi Zuwena alikuwa mtu wa kiburi: mara nyingi alikuja jikoni na kisahani chake, akasema, “Nitieni kidogo cha huo uchafu wenu,” akakaa kwenye kigoda kile cha kukunia nazi, akala mlenda mpaka akaramba vidole. Alikuwa mtu wa pwani aliyeolewa huku bara, na nadhani miaka yote ile hakuwahi kuzoea vumbi letu. Kila jioni alijifuta miguu kwa kitambaa kabla ya kuingia chumbani, kama mtu anayengoja siku ya kuondoka.

Mwaka ule bintiye Maryam alikuwa ameposwa, harusi imewekwa baada ya mavuno. Bi Zuwena alitaka jambo moja tu. Alitaka bintiye avae asumini iliyochumwa katika ua wa nyumba yao wenyewe, kama yeye alivyovishwa kwao. Akamwandikia kaka yake pwani, na mwanzoni mwa mvua miche ikaja kwa treni: asumini, waridi na mlangilangi mmoja, imeviringishwa kwa magunia yaliyolowa na maganda ya mgomba. Tulipoifungua ukumbini harufu ilitoka, hafifu, ya majani yaliyochoka na ua moja lililokuwa limechanua njiani. Bi Zuwena akaliweka puani, akageukia ukuta. Maryam akasema, “Mama, si umekuwa mtoto sasa,” naye akajibu, “Niache.” Alikaa vile kwa muda mrefu na sisi tukaendelea kukunja magunia, hatujui tuangalie wapi.

Sasa nieleze mahali penyewe. Katikati ya ua palikuwa na sehemu tupu, ngumu, inayong'aa kidogo jua likiwaka, nayo iliitwa mahali pa mizigo. Ilisemekana kwamba siku za misafara wapagazi waliingia moja kwa moja mpaka hapo wakatua walichobeba. Katika nyumba ile kila jambo la heri lilipita hapo. Mtoto akitimiza siku arobaini alitolewa chumbani akalazwa hapo juu ya mkeka. Anayesafiri aliweka mzigo wake hapo kwanza kabla ya kutoka nje. Bibi harusi alikalishwa hapo kupakwa hina. Kwa hiyo Bi Zuwena aliposema maua ya Maryam yapandwe hapo, hakuna aliyeshangaa. Mimi niliona ndivyo inavyostahili.

Kulwa ndiye aliyepewa sululu. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikipepeta mchele, namwona. Sululu iliruka kama imepigwa kwenye jiwe. Juu palikuwa na kichanga cha unene wa kidole, chini yake udongo wa kijivu uliobanana. Akachimba shimo la kwanza kwa taabu, akamimina ndoo ya maji, akaketi kuyatazama. Maji yakakaa. Yalikaa mpaka wakati wa alasiri, na Maryam alipopita akasema, “Kulwa unafuga kambare?” Kisha Kulwa akachukua udongo kidogo kwa kidole, akauonja, akatema. Akamfuata Bi Zuwena barazani.

“Bi Mkubwa, hapa hapaoti kitu.”

“Kwa nini hapaoti?”

“Huu kwetu tunauita ibambasi. Mvua maji yanasimama, kiangazi unakuwa saruji. Na hapa pamezidi, pana chumvi. Nyuma ya jiko, pale penye mkomamanga, udongo ni mwekundu na maji yanazama. Tupande pale. Na hapa, kama lazima pawe na kitu, tuweke mhina. Mhina hauna makuu, na ukichanua unanukia.”

“Maua ya mwanangu nyuma ya jiko? Wageni waje wayatafute huko kwenye majivu na vyungu?” Bi Zuwena hakupandisha sauti. “Mwanangu, hapa walitua mizigo babu zake mume wangu. Pembe, nguo, chumvi ya Uvinza, kila kitu kilianzia hapa. Maryam mwenyewe amelazwa hapa. Leo wewe unaniambia hapafai?”

“Sisemi hapafai kwa watu, Bi Mkubwa. Nasema kwa maua.”

Bi Zuwena alilitaja neno chumvi kwa mdomo wake, na hakuna aliyelisikia, hata mimi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nachanganya udongo wa viriba, ndipo liliponijia: mifuko ya chumvi imelundikwa pale, mvua baada ya mvua, kizazi baada ya kizazi. Labda nakosea. Usiku ule Kulwa alisema kwenye mkeka, “Wanasema babu zao walitua mizigo. Walioibeba walikuwa babu zetu.” Akacheka kidogo. Wengine husema katika ua ule havikutuliwa vitu peke yake, watu nao waliletwa kuuzwa. Nyumbani mle halikuzungumzwa, nami sina ushahidi, basi naliacha hapo.

Tukapanda. Kulwa alitii, na alifanya kazi yake kwa haki. Alichimba mashimo mapana kuliko alivyoambiwa, akabeba samadi na udongo mwekundu kutoka nyuma ya jiko akajazia. Mvua zikanyesha, na mwezi wa kwanza asumini ikatoa majani mapya. Bi Zuwena alifurahi hata akatupa vitenge, mimi na Kulwa, sare. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake akahesabu vichipukizi kwa sauti. Halafu, mvua ilipokolea, maji yakaanza kusimama kwenye yale mashimo kama kwenye bakuli. Majani yakawa ya manjano.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa na huruma, au nilikuwa na kiherehere, sijui nichague lipi. Kwetu mboga ikinyong'onyea tunatia majivu. Basi kila asubuhi nilipozoa majivu ya jikoni nilipitisha karai pale kwenye asumini nikanyunyiza, bila kumwambia mtu. Nilitaka siku moja washtuke kuona imepona, niseme ni mimi. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Leo hii mteja akiniambia anatia majivu kwenye udongo wenye chumvi nitamshika mkono asitie, maana majivu yanazidisha chumvi. Lakini wakati ule ningejuaje? Na je, ni majivu yaliyoiua, au ni maji, au ni ile chumvi? Nimejiuliza mara nyingi kiasi kwamba swali lenyewe limechakaa. Na nisiisingizie asumini. Inaota Tabora. Kulikuwa na nyumba Isevya iliyokuwa nayo mpaka juu ya paa, kwa sababu ilisimama kwenye udongo mwekundu. Kosa lilikuwa la mahali palepale tulipopapenda.

Mvua ziliposimama udongo ukatoka ukoko mweupe juu. Mlangilangi ulikuwa umekwisha kuanguka, waridi zimebaki miiba, na asumini ilikauka kuanzia ncha mpaka shina. Harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Bi Zuwena alitoka asubuhi na kikombe chake, akainama, akasugua ule weupe kati ya vidole. Akatuita.

“Nani ameweka kitu hapa?”

Kulwa akasema, “Hiyo ni chumvi ya udongo, Bi Mkubwa. Nilisema.”

“Ulisema, ndiyo. Tangu siku ya kwanza ulisema zitakufa. Na zimekufa.” Akanigeukia. “Tatu, umeona mtu akiweka kitu hapa?”

Nikasema, “Sijui, Bi Mkubwa.”

Ni hilo tu. Sikumsingizia Kulwa. Nilisema sijui, na karai la majivu lilikuwa mkononi mwangu. Bi Zuwena hakuliona, au aliliona likawa karai tu. Akasema mkono wa Kulwa mchungu, unachopanda kinakufa, hawezi kukaa na mkono mchungu ndani ya nyumba yenye harusi. Hakumtukana. Alimpa nauli na kitenge kingine, akaingia ndani akafunga mlango. Kulwa alikunja mkeka wake. Nilimsindikiza mpaka mlango wa nje. Alisema, “Umwagilie mkomamanga,” nikasema nitaumwagilia. Maryam aliolewa kwa maua ya karatasi na mrehani wa kwenye makopo. Akapendeza, sisemi uongo.

Leo baada ya hitima wanawake tulikuwa ukumbini, sinia za pilau zimeondolewa. Maryam, ambaye sasa naye ni bibi, alikuwa akiwaaga watu mlangoni. Nilitoka nikamkuta Kulwa kwenye baraza ya ndani pamoja na bintiye mkubwa, Neema. Amekonda, amevaa miwani, lakini kucheka ni kulekule.

“Tatu! Bado una meno?”

“Yamebaki ya kutafunia maneno.”

“Basi tafuna pole pole, usije ukajing'ata.”

Nikaketi, nikamwambia yote. Majivu, wiki ngapi, karai, ‘sijui’. Nilisema huku naangalia mkeka. Nilipomaliza nilifikiri sasa atalia au atanipiga kofi, yote mawili nilikuwa nimejiandaa. Akasema, “Majivu?”

“Majivu.”

“Miaka yote hii umekaa unafikiria majivu?” Akavua miwani. “Tatu, mimi mwenyewe nilikuwa naamka nakuona unanyunyiza. Ningesema, lakini niliona zimeshakufa tangu tulipozipanda. Majivu hayanihusu. Mimi nakumbuka ulichosema siku ya mashimo.”

Nikamwuliza nilisema nini. Naapa nilimwuliza kwa sababu sikujua. Juu hapo nimeiandika siku ile kama nilivyokuwa nikiikumbuka mpaka asubuhi ya leo: Kulwa akaonja udongo akatema, basi. Yeye anakumbuka zaidi. Anakumbuka kwamba nilipaza sauti kutoka mlango wa jiko nikasema, “Jamani, Kulwa anakula udongo! Mwenzetu mwezi wa ngapi huo?” Maryam akacheka mpaka akakaa chini. Na barazani alikuwepo mzee wa asali, mtu wa Bukene, aliyekuwa akingoja vyombo vyake, naye akacheka.

“Ulifika nyumbani kabla yangu ule utani,” Kulwa akasema. “Halafu mimi nikaja nyuma na furushi, nimerudishwa. Nikamwambia mama nimefukuzwa kwa ajili ya maua. Nani anafukuzwa kwa maua, Tatu? Mama aliniangalia tumbo miezi mitatu. Kila nikioga. Tumbo halikutokeza, wakasema nimelitoa. Waliokuja kunichumbia mwanzoni wakarudi kwao. Mama amekufa anaamini hivyo.”

Nilikuja na kosa langu nimelipanga vizuri, kumbe nimeleta lisilotakiwa. Neema alikuwa ameinama, akichezea pindo la kanga. Akasema kwa sauti ndogo, “Mama mdogo Doto hata leo wakikorofishana analisema hilo. Analisema mbele yetu.” Doto ni pacha wake Kulwa. Kulwa akasema, “Nyamaza wewe.” Neema hakunyamaza. Alitoa simu kwenye mkoba, akatafuta jina, akanipa. “Bibi, mwambie wewe.”

Nilitaka kusema kwamba si mahali pake, kwamba kuna watu, kwamba nitampigia kesho nikiwa nimetulia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kulwa aliniangalia tu, wala hakunisaidia. Simu ikaita. Sauti ikasema, “Neema?” Ilikuwa sauti ileile ya Kulwa, na nusura niikate.

Nikasema, “Doto, mimi ni Tatu, niliyefanya kazi na dada yako Tabora. Ule mwaka aliorudishwa hakuwa na mimba. Alionja udongo kujua kama una chumvi. Mimi ndiye niliyetania. Alifukuzwa kwa maua, kweli kabisa, kwa maua.” Nilisema vibaya, nikarudia mara mbili. Upande wa pili kulikuwa na kuku na mtu anatwanga. Kisha kutwanga kukakoma.

“Unaniambia leo,” Doto akasema.

“Leo.”

“Mama keshakufa.”

“Nimeambiwa. Nisamehe.”

“Mpe Kulwa simu.”

Nikampa. Walizungumza Kinyamwezi, haraka na chini chini, na mimi nasikia kidogo tu. Nilisikia ‘mama’ na nilisikia jina la yule mzee wa asali. Halafu Kulwa akabaki ameishikilia simu sikioni, amegeukia ukuta, mabega yanapanda na kushuka. Neema akasogea akajikinga mbele yake ili watu wasione. Mimi nilibaki nimekaa. Alipomaliza alirudisha miwani, akasema gari la Nzega litawaacha, akainuka kwa kushika bega la mwanawe. Sikumwuliza kama amenisamehe. Niliona kumwuliza ni kumpa kazi nyingine. Nilimwambia kwamba hapa Ipuli nina kitalu, kwamba yote ninayowaambia watu ni maneno yake. Akasema, “Nilisikia.” Sijui kama alisikia zamani au alimaanisha amenisikia sasa.

Nimerudi kwa miguu, pole pole, vumbi usoni. Nyumbani mkwe wangu Hadija akaniuliza arobaini ilikuwaje, na mbele ya wanangu na wajukuu nikawaeleza, mara ya pili kwa siku moja, majivu na utani, bila kujipunguzia. Mara hii sauti haikutetemeka, na hilo nalo halinipendezi. Mwanangu aliangalia sahani yake. Tulikula ugali wa mtama, kisamvu cha karanga na samaki wa migebuka waliokaushwa. Hadija alipopakua aliniwekea kipande cha katikati cha samaki, kama siku zote.